Mwalimu Jephté Cikuru Hakustaafu

Ndugu waombolezaji, amahoro. Mimi ni Aksanti, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo jana niliombwa niyaruke.

Marehemu Jephté Cikuru alizaliwa Minago tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa wazazi waliovuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini wakitafuta samaki, wakapata na watoto saba. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Minago, na Septemba 1973 akaingia shule ya ualimu ya bweni huko milimani, mwaka mmoja baada ya ule wa mauaji ambao hapa Rumonge hauna haja ya kuelezwa. Huko bwenini vijana wanane walikula katika beseni moja, na sheria waliitunga wenyewe, kwamba hakuna anayenyoosha mkono kabla wote hawajakaa, na aliye mgonjwa kitandani fungu lake linatengwa kwanza, linafunikwa. Mzee Hubert, aliyekula naye meza moja na ambaye yuko hapa mbele, anasema wadudu walizidi maharage, lakini hakuna aliyekula peke yake, na siku mwenzao alipopata habari kwamba baba yake hatarudi tena, meza nzima ilikaa na njaa pamoja naye.

Alipata diploma Julai 1979, akafundisha Bugarama, na tarehe 11 Agosti 1984 akafunga ndoa na Fabiola, wakajaliwa watoto wawili, Ange na Hyacinthe. Mwaka 1990 akawa direkta wa shule ya bweni hapa Rumonge, na sheria ya beseni akaja nayo.

Vita vilipopamba moto, Novemba 1996, wakubwa wa serikali walikuja kumwamuru awatenganishe wanafunzi kwa makabila, mezani na kitandani, ati kwa usalama wao, naye akawajibu mbele ya wanafunzi hao hao, "Hapa meza iko moja, bwana mukubwa, na weye kama uko na njaa, karibu, tutakungoja ukae kwanza." Januari 1997 wakamnyang'anya kazi, wakamwambia akiomba radhi atarudishiwa, hakuomba, akabeba mawese kwa baiskeli kati ya Minago na Rumonge, direkta mzima, na waliomcheka barabarani aliwauzia kama wateja wengine.

Jana mtu wa ofisi ya wakubwa hao alifika nyumbani kutoa pole, tunamshukuru, kisha akaniomba niseme hapa kwamba marehemu alistaafu. Ndugu zangu, hakustaafu. Alifukuzwa, kwa kosa la kukataa kuwagawa watoto waliokuwa wanakula pamoja, na sisi wa nyumba yake tunajivunia kosa hilo, na wanaotaka lisahaulike waanze kwa kumwomba radhi mjane, yule pale ameketi.

Februari 2002 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hapa Rumonge, na alfajiri ya tarehe 6 Juni 2002 akakata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa Hubert, aliyeteremka kutoka milimani kwa njia ambayo hata askari wanaiogopa. Inatuuma, hatutaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika, walimu wenzake waliokuja kumwona waziwazi, na wale waliokuja kwa kujificha, nao pia murakoze.

Tukitoka makaburini mtapewa ugali na ndagala wa ziwani. Tulishauriwa tuweke mahema mawili, huku hawa, kule wale, tumeweka moja, na mtakaa wanane wanane kwa kila beseni kama mnavyofika, na asiyeweza kukaa na mwenzake arudi kwake na njaa yake, hatutamkasirikia.

Pumzika kwa amani, kaka. Fungu lako limefunikwa, na hakuna atakayenyoosha mkono kabla wote hawajakaa.