Sijawahi Kumwona Akiandika

Amani kwenu, papa zangu na mama zangu. Papa aliyeniita hapa mbele ya kanisa ameniambia, "Maman, dakika kumi tu." Dakika kumi! Mtu amekaa na jambo kifuani miezi mizima, halafu dakika kumi. Haya, nitajitahidi. Na ninyi wa Lubumbashi mnaosema mimi Mtanzania naongea kama redio, leo nivumilieni hivyo hivyo.

Wengi mnanijua. Nilikuja Brussels kumfuata mume aliyekuwa anasoma. Mume akamaliza shule, akanimaliza na mimi, akaenda zake. Nikabaki na binti yangu wa miaka minane na kibali cha kukaa, na kila kikikaribia kuisha, komini, yaani ofisi ya manispaa, wanataka waone nina kazi. Kazi yenyewe ni usafi. Kampuni inanituma kwenye nyumba za watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sitataja jina la mtu. Walionitendea wema hawakunipa ruhusa ya kuwatangaza, na niliyemkosea namwonea haya.

Niliyemkosea ni bibi kizee wa Kibengali, mtu wa Kolkata, anayeishi na binti yake ghorofani hapa hapa Laeken. Binti anafanya kazi ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman, anatoka asubuhi, anarudi jioni. Mimi nilikuwa nakwenda Jumanne na Ijumaa. Siku ya kwanza nikamwita Madam, akakunja uso. "Niite Mashi," akasema, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Tuliongea Kiingereza, yeye cha vitabuni, mimi cha kubahatisha.

Ndugu zangu, Mashi ni mwandishi. Tena si wa kitabu kimoja cha kuonyesha wageni. Ameandika riwaya zaidi ya mia. Mia! Mimi barua moja tu ya komini inanitoa jasho. Aliolewa na miaka kumi na sita, akaingia nyumba yenye watu ishirini wa kupikiwa, na mama mkwe ambaye akimwona mwanamke ameshika kalamu anauliza, "Mchele umejichambua wenyewe?" Basi akawa anaandika jikoni, ubao magotini, sufuria motoni. Karatasi hakuna aliyempa, kwa hiyo mwezi ukiisha anang'oa jani la kalenda ukutani, anaandika nyuma yake. Baadaye akawa mtu mkubwa, karatasi akawa nazo tele, lakini kalenda hakuziacha. "Karatasi safi inanitazama kama mama mkwe," aliniambia.

Kwao huko, kila mwaka ikikaribia sikukuu yao kubwa, majarida yanatoa toleo nene lenye riwaya nzima nzima, na watu wanalisubiri kama watoto wetu wanavyosubiri nguo za Krismasi. Mashi hakuwahi kukosa toleo hilo mpaka alipofiwa na mumewe, binti akamleta huku. Miaka mitatu hakuandika neno. Halafu baridi ya mwaka huu akaanza tena, nyuma ya kalenda za duka la dawa, na hakumwambia mtu. Si mhariri, si binti yake. "Riwaya ambayo haijaisha ni mimba changa, haitangazwi," akasema. Aliyejua ni mimi peke yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa naye jikoni.

Mimi napiga pasi, yeye anaandika, akimaliza sura ananisimulia. Ilikuwa habari ya ndugu wawili wa kike, wameolewa nyumba moja, wanatumia jiko moja, na miaka ishirini hawasemeshani. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake kitu, anamwambia paka. "Paka, mwambie mwenye masikio kwamba chumvi imekwisha." Nilicheka mpaka nikaunguza shati. Nikimwambia Mashi huyo dada mkubwa ana roho mbaya, anatikisa kidole: "Subiri, bado hujamjua." Jamani, nilikuwa naisubiri Ijumaa kwa ajili ya wale wanawake.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita nilifika na barua ya komini mkobani. Wanataka mkataba wa kazi, la sivyo kibali hakiongezwi. Kichwa kilikuwa kinazunguka. Binti wa Mashi ameacha kijikaratasi mezani: kesho kuna wageni, toa magazeti yote yaliyojaa jikoni. Mashi mwenyewe amelala chumbani, jambo ambalo mchana hafanyi. Mnajua magazeti ya kutupwa hapa tunayafanyaje, tunayafunga kamba tunayaweka nje. Nikayakusanya. Bunda moja nikalikuta limeshafungwa tayari, kamba safi kabisa. Nikasema, afadhali, leo nimesaidiwa. Nikayateremsha yote. Asubuhi gari la taka likapita.

Jumanne nafika, Mashi yuko sakafuni, amefungua makabati yote. Usiku wa kuamkia Ijumaa alikuwa ameimaliza. Akaizungushia magazeti, akafunga kamba, kama alivyofanya maisha yake yote alipokuwa akimkabidhi tarishi wa jarida kule kwao. "Umeliona bunda langu?"

 Nikaona barua ya komini, nikaona mwanangu kwenye uwanja wa ndege na begi lake la shule. Nikasema, "Sijaliona, Mashi."

Hilo la kwanza. Ngojeni la pili.

Jioni ile binti yake akarudi, akamkuta mama analia. "Mama, riwaya gani? Mimi naishi na wewe, sijakuona ukiandika tangu umekuja." Mashi akasema, "Muulize yeye! Yeye ameniona." Binti akanigeukia. Hakuwa mkali, jamani. Alikuwa mtu aliyechoka, anayeogopa kwa ajili ya mama yake. Akaniuliza taratibu, "Wewe unashinda naye mchana. Umewahi kumwona anaandika?"

Nikikubali anaandika, swali linalofuata ni karatasi zimekwenda wapi. Nikamtazama yule bibi usoni. Nikasema, "Sijawahi kumwona akiandika."

Mashi alinitazama. Halafu akaitazama mikono yake. Mimi nikavaa koti nikaenda kumchukua mwanangu, nikapika, nikala. Ndiyo, nilikula.

Wiki tatu, ndugu zangu. Sitawaficha hata moja. Alipelekwa kwa daktari, akaambiwa achore saa, arudie maneno matano, kwa Kifaransa, binti akitafsiri. Mtu wa riwaya mia akashindwa maneno matano. Atakumbukaje neno mtu aliyeambiwa kwamba miezi sita ya maisha yake haikuwepo? Akaacha kula. Ijumaa moja akanishika mkono akaniuliza, kwa sauti ya mtoto, "Niambie kweli, mwanangu. Niliandika, au niliota?" Nami nikamjibu, "Pumzika, Mashi." Nisikieni ninyi mnaosema uongo ni mdomo. Hata neno la upole linaweza kumzika mtu.

Nyumba ya wazee ikatafutwa. Wakapata nafasi. Mashi akanipa kalamu zake zote, zimefungwa kwa mpira wa nywele. "Mpe binti yako. Mimi kichwa kimekwisha." Nilizipokea! Nikatoka nazo, nikatembea mpaka ule mfereji wa meli, nikasimama darajani mchana kweupe, nikayatazama maji muda ambao sitausema mbele ya watoto. Kilichonirudisha ni saa ya kumchukua mwanangu shuleni. Si imani, nisiwadanganye. Ni saa tu.

Jumapili nikaja hapa nikaimba. Huyu papa wa dakika kumi akanifuata pale tunapohifadhi viti. "Maman, iko nini? Unaimba na mudomo tu, roho haiko." Nikamweleza kama habari ya mtu mwingine. Akasikiliza, akaweka kiti chini. "Bon. Ule mama, akili yake ndiyo nyumba moja tu ilibakia naye. Huyu rafiki yako anamufukuza mule juu ya kulinda nyumba yake. Alors, ataweza kulala mu hiyo nyumba?" Hakuniuliza rafiki ni nani. Alisema tu, "Kesho mwambie naenda naye mpaka ku mlango."

Na kweli, akanisindikiza. Alibaki chini barabarani, na kofia yake mkononi, kama mtu aliyekuja msibani.

Binti alikuwa nyumbani siku ile, fomu za nyumba ya wazee ziko mezani. Mashi ameketi dirishani. Sikukaa. Nilisema, "Mama yako aliandika. Mimi nilimwona kila siku niliyokuja. Bunda nililitupa mimi kwa bahati mbaya, halafu nikadanganya kwa makusudi."

Mnadhani alinifukuza? Heri angenifukuza. Hakuniamini! Akanitazama kwa huruma, machozi yanamlenga. "Unampenda mama, najua. Lakini usimtie matumaini ya bure." Loo! Mwongo hata siku akisema kweli, anaomba kuaminiwa kama anayeomba mkopo.

Basi nikaanza kuisimulia riwaya. Nikaanza na ndugu wawili, jiko moja, paka na chumvi. Nikaenda sura kwa sura, jasho likinitoka, Kiingereza kinavunjika. Nikafika usiku wa mvua, mdogo yuko nje, na dada mkubwa anafunga mlango kwa komeo kwa sababu anamchukia.

"Hapana!"

Ilikuwa sauti ya Mashi. "Hapana, hapana! Hafungi kwa kumchukia. Shemeji amelewa, yuko ndani na fimbo, anamtafuta mdogo. Anafunga asiingie apigwe! Nilikuambia mara mbili, husikilizi, kazi yako pasi tu!" Akasimama. Akaendelea kwa Kibengali, haraka haraka, mikono inakata hewa. Sikuelewa neno, lakini nilimwona binti yake. Alikaa kitini polepole, akafunika mdomo, halafu akazichana fomu zile moja moja. Akalia kwa sauti, "Ma, Ma." Na mimi nikalia.

Alipomaliza kulia, akaniambia nitoke na nisirudi. Haki yake. Kampuni nayo ikaniachisha. Haki yao.

Bunda halikupatikana. Nilifikiri Mashi ataiandika upya, lakini binti aliponipigia simu baada ya miezi kuniambia mama ananiita, nilimkuta anaandika nyingine kabisa. "Ile imekufa. Mimi sifukui maiti," akasema. Toleo la sikukuu lilishatoka bila yeye. Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Akaniinua, akasema, "Karatasi nilikusamehe siku ileile. Watu wamenichomea karatasi tangu niolewe. Lakini ulinitazama machoni ukaninyang'anya akili yangu. Hiyo bado. Njoo Jumamosi."

Namshukuru papa huyu na kofia yake. Namshukuru maman aliyekaa na mwanangu wiki zile nilizokuwa nazunguka kutafuta kazi, na aliyenipeleka kwenye shule ninakosafisha sasa. Kibali kiliongezwa, Mungu asifiwe. Kama kuna mtu hapa amenyamaza juu ya jambo ili alinde kazi, ndoa au kibali, nawaambia, mficha uchi hazai. Na usifikiri ukisema utasamehewa mara moja. Sema hata hivyo.

Mimi kila Jumamosi nakwenda Laeken. Nakaa jikoni kwa Mashi, nachambua mchele, ananisimulia alikofika. Jana nimemwuliza tena. Akasema, "Bado."

Jumamosi nitakwenda.