Nahodha Aliyeuliza "Unaonaje?"

Benchi la mbele ya duka la vipuri limeegemezwa matofali upande mmoja, na anayekalia upande huo hashauriwi kucheka sana. Jioni ile aliukalia Saluti, na wala hakuwa na dalili ya kucheka. Ujana wake wote uliishia kwenye manowari ya jeshi. Sasa amestaafu, yuko kwenye majaribio bandarini, katika boti ya kuvuta meli, na kesho nahodha anaamua: abaki, au arudi nyumbani akampangie mkewe masufuria kwa vyeo.

— Nimeharibu, jamani. Tunaegesha boti, nahodha kanigeukia: "Unaonaje, tuanze kamba ya mbele au ya nyuma?"

— Ukamjibuje? akauliza Redio, dereva mstaafu asiyekosa habari.

— Nikakakamaa. Kifua mbele, mikono ubavuni. Nikasubiri amri.

— Mpaka lini?

— Mpaka mpishi akaja kufunga kamba mwenyewe, mwiko kwapani.

Mashine, fundi cherehani, nusura apaliwe na kahawa.

— Huo mtego, kaka! Raia haulizi bure. Ungejibu tu, wangejua umetumwa kuwapeleleza.

— Acha porojo, alidakia Redio. Nahodha hajui kitu! Meli za raia zinaendeshwa kwa kuulizana. Unadhani mizigo inacheleweshwa na nini?

— Basi nahodha ni huyo mpishi, akasema Mashine. Yule mwingine kawekwa kwa ajili ya kofia!

Saluti akajikuta anaanza kuamini. Kweli, mpishi yule alikuwa na sauti ya kamanda. Alipaswa kumpigia saluti?

Hapo shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyesimama kununua kahawa, akageuka.

— Kwani shemeji, wewe uliona ianze ipi?

Saluti akakuna kidevu. Jeshini aliulizwa kama ameelewa, kama amemaliza. Alichokiona yeye, hakuna aliyewahi kukitaka.

— Ya mbele, akasema taratibu. Upepo ulikuwa unatusukuma kutoka gatini. Pua ya boti ingetuponyoka.

— Sasa si ungemwambia hivyo hivyo?

Saluti akainuka, akafunga vifungo vya shati.

— Wapi tena? Redio akauliza.

— Bandarini. Nahodha bado yuko kazini.

— Nani kakupa amri? Mashine akapaza sauti.

Saluti akasita. Akamtazama Mashine, akamtazama Redio, kama mtu anayetafuta mkubwa wake asimwone. Kisha akashika njia.