Gaudence Fabian Masinga, Aliyeonekana Mtumba Asubuhi ya Kifo Chake

Mpendwa wetu Gaudence alizaliwa tarehe 9 Juni 1985 huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Fabian na Bibi Elieth. Alianza masomo hukohuko Kibakwe. Siku moja alichapwa kwa kuwagawia wenzake njia ya kukokotoa hesabu. "Mwalimu, mbona mimi bado ninayo?" aliuliza huku machozi yakimtoka.

Baada ya sekondari alisomea kompyuta jijini Dodoma, akahitimu mwaka 2010 na kuajiriwa serikalini. Mwaka 2012 alifunga ndoa na Ritha, wakajaliwa Anitha na Ebenezer.

Mwaka 2017 zahanati moja ilishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa wake, kwa kuwa kampuni ya ng'ambo iliyouza mfumo wa kompyuta wa kuzitunza ilikuwa imekufa. Gaudence alimwona mama mwenye mtoto mgonjwa akiulizwa ni dawa gani humdhuru mwanawe, naye hakumbuki. Tangu hapo hakutulia. Kila mwezi aliwakusanya watengenezaji wa mifumo pale Mtumba, kwenye ofisi za serikali jijini Dodoma, akiwasihi watumie kanzidata huria, yaani programu ya kutunzia kumbukumbu ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Wengi walikiogopa kitu cha bure. Salwa, mfanyakazi mwenzake kutoka Kondoa, alibishana naye sana, kisha akawa mkono wake wa kulia.

Agosti 2024 alianza kuugua figo. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, hospitalini Dodoma, Ritha akiwa amemshika mkono.

Asubuhi hiyohiyo, Mtumba, Salwa na wenzake walikuwa wakihamishia kumbukumbu za zahanati ile kwenye kanzidata huria. Kazi ikakwama. Waliokuwepo wanasema Gaudence aliingia, akawasalimu, akaketi kando ya Salwa.

"Usiogope. Rudia polepole," alisema.

Salwa alimpigia simu Ritha kwa furaha. "Mama Anitha, mbona hukutuambia karuhusiwa? Yupo hapa!"

Ritha akajibu, "Salwa, ndiyo kwanza ninamfunika shuka."

Salwa aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye kioo cha kompyuta majina ya wagonjwa yalikuwa yakipita, moja baada ya jingine, bila mtu kugusa kitu.

Ameacha mama, mjane na watoto wawili. Bibi Elieth alipoelezwa hakushangaa. Aliomba tu tumsomee maneno haya hapa kaburini: "Mwanangu, kazi wameishika wenzako. Usihangaike tena. Lala kwa amani."