Kiti cha Mkunga na Ukuta Uliopakwa Rangi

Mheshimiwa Mganga Mkuu, Mama Muuguzi Mkuu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo?

Nimepewa dakika tano nimuage mkunga wetu anayestaafu leo, mimi karani wa masjala niliyekabidhiwa blogu yake. Nikiri mapema kwamba kichwa kinanizunguka. Namuaga nani, ikiwa kiti chake, kama mnavyokiona, hakina mtu?

Niwaeleze. Blogu ya "Muulize Mkunga" inakaa kwenye kompyuta moja stoo, kati ya mashuka na ndoo, aliyoiunganisha marehemu mumewe kwa mikono yake, maana hakutaka kutegemea vya watu. Kina mama huuliza, swali huingia kwenye simu ya mkunga, naye hujibu. Miaka tisa sasa. Nywila mumewe aliiandika kwa penseli ukutani, akisema mke wake hupoteza karatasi lakini hajawahi kupoteza ukuta.

Wiki iliyopita umeme ulikatika. Uliporudi, maswali yakaendelea kuingia, lakini kujibu blogu ikadai nywila. Nikaenda stoo kifua mbele, nikakuta ukuta unang'aa. Ndugu zangu, ni sisi wenyewe, kamati ya sherehe, tuliopaka rangi jengo zima kwa heshima yake. Rangi niliichagua mimi. Nilikwangua kwa kijiko, nikapata namba mbili na kitu ambacho huenda ni herufi, huenda ni mdudu.

"Mwanangu," mkunga aliniambia, "mimi nilikuwa naisoma tu. Sikuwahi kuikariri."

Sasa leo asubuhi, tunamvisha shada, simu yake ikalia. Mama mmoja, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha matofali, ana mtoto wa siku nne, hanyonyi tangu jana. Namba hakuacha, na kujibu hatuwezi. Mkunga akanitazama. Nikatazama viatu vyangu, kwa aibu. Akavua shada, akanivisha mimi, akachukua mkoba wake.

"Endeleeni tu, watu wasije wakachoka kusubiri," akasema, akaondoka na gari la wagonjwa.

Basi niseme nini? Nimsifu au nimwombe radhi? Mtu aliye kazini wakati huu amestaafu vipi? Ratiba niliyoshika hainisaidii.

Samahani kidogo, nimeletewa kikaratasi. Ni ujumbe wa dereva wa gari la wagonjwa, amepiga simu. Anasema wako njiani, na anatuletea watatu: mkunga, mama na mtoto.

Asanteni sana kwa kunivumilia. Mheshimiwa Mganga Mkuu, zamu yako ya kuzungumza ilikuwa inafuata, lakini naomba utangulie wodini. Funguo za wodi ninazo mimi tangu tulipopaka rangi, nakufuata.