Mifupa ya Shamba la Mbaruku

Kijiwe chetu kiko Ruangwa mjini, nyuma ya mashine ya kusaga: mabenchi mawili na birika la Swalehe, muuza kahawa. Kila asubuhi ni watu walewale. Yupo Sadiki, tunayemwita Profesa kwa kuwa hapitwi na taarifa ya redio. Yupo Anuari, Refa, shabiki wa timu ya Namungo ambaye kila jambo analipeleka uwanjani. Na yupo Mbaruku, mkulima wa Likunja, aliyekuwa akichimba shimo la choo shambani kwake akakuta mfupa mnene kama kinu.

Wataalamu walikuja, wakachimba wiki sita, wakaifunga mifupa kwa plasta na kuipeleka Dar. Wakaacha vigingi kuzunguka nusu ya shamba. Mwaka wa kwanza redio ikasema ni dinosaria wa shingo ndefu, aina mpya kabisa. Tukampongeza Mbaruku kama aliyepata mtoto. Mwaka wa pili wataalamu wengine wakapinga: si mpya, ni wa ukoo unaojulikana zamani. Mwaka huu wametokea wa tatu, wanadai shingo ni ya mnyama mmoja na mkia ni wa mwingine.

Hilo ndilo lililotugombanisha asubuhi ile. Refa alisema huyo ni mchezaji aliyesajiliwa timu mbili, afungiwe. Profesa akasema hapana, walikuwa mume na mke, wamekufa wakigombana ndiyo maana mifupa imechanganyika. Refa akamuuliza, kwa shingo ile mume angeshindwaje kumwona mkewe anakuja tangu yuko Nachingwea akakimbia mapema. Wakaanza kupandishiana sauti. Mbaruku alikuwa ameshika kichwa.

— Mimi jina lake silitaki, alisema. Nataka kulima. Huu msimu wa tatu ile nusu siweki ufuta.

— Vuta subira, kaka, mpaka wakubaliane, Profesa akamwambia.

— Na wasipokubaliana?

Profesa akarudi kwenye mkia.

Valentina, afisa ugani aliyehamia kwetu mwezi ule, alikuwa amesimama pembeni akingoja kahawa. Akamwamkia Mbaruku, kisha akauliza taratibu:

— Samahani, baba. Nani alikukataza kulima?

Mbaruku akajaribu kukumbuka. Barua hakuwahi kupewa. Wale wataalamu waliaga tu wakaondoka. Akatutazama mmoja mmoja. Profesa akamtazama Refa, Refa akatazama kikombe.

Valentina akasema twende halmashauri tukaulize, siku ileile. Nikafuatana nao. Ofisini wakatuambia vigingi vilikuwa vya vipimo tu; kinachotakiwa kuachwa ni shimo lenyewe, hatua kumi kwa kumi. Kwingine alime.

Tukiwa tunarudi nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia Mbaruku kuwa mwaka ule wa kwanza, pale kijiweni, ni mimi niliyesema mtu akilima ndani ya vigingi vile anafungwa. Sikuwa nimelisikia popote. Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu mnyama yule, nami nikataka nionekane najua kitu.

Mbaruku akanigeukia.

— Misimu mitatu, Hasani.

Akavuka barabara, akaingia duka la pembejeo kuulizia mbegu ya ufuta. Mimi nikabaki ng'ambo, sikujua kama nimsubiri.