Kikopo cha Paulina

Kwenye benchi la mbao nje ya kibanda cha kahawa cha Thomas, kona ya Ipagala, Elieza alifika na kikopo kimoja tu. Siku nyingine huja na fuko zima la vikopo vitupu, vya dawa ya viatu na vya hamira. Huvitoboa maua kwa msumari, ndani akabandika picha na kipande cha kitenge, watu wakaweka kumbukumbu ya harusi au msiba. Hiki kilikuwa cha mkewe Paulina, aliyefariki mwezi wa tatu. Ndani yalibaki mafuta ya mgando, na juu yake alama ya kidole chake, alipochota mara ya mwisho.

— Gundi haishiki penye mafuta, alisema Elieza, msumari mkononi. Nikikiosha, picha itakaa, ila alama inaondoka.

— Osha, mzee mwenzangu, alisema Meshack, waliyemwita Bunge kwa kupenda kuchangia hoja. Picha ndiyo mtu.

— Taarifa, Bunge! alidakia Optatus, Injinia wa kijiwe, aliyewahi kubeba zege Msalato kwenye uwanja wa ndege. Picha zipo kumi. Kidole je? Mwaga plasta humo, ikikauka unang'oa kidole chenyewe!

— Plasta inapata moto, Injinia, alisema Elieza. Jua tu la hapa linayayeyusha mafuta.

— Basi friji ya bucha.

— Mama wa watu alale na maini? aliuliza Thomas.

— Yule daktari wa mifugo ana friji ya chanjo... alichangia Bunge.

— Bunge, wewe ulioa kweli? aliuliza Injinia.

Wakacheka, na Elieza naye kidogo. Jua lilikuwa limeshapanda mguu wa benchi.

Anyesi, fundi cherehani aliyehamia jirani juzi, alikuja kununua kahawa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akainamia kikopo bila kukigusa.

— Mzee, mama alikuwa anachota kwa kidole gani?

Bunge akamtazama Injinia. Injinia akatazama kikombe chake. Elieza aliinua kidole cha shahada, akakishusha, akainua cha kati. Miaka ishirini na sita alimwona akijipaka kila asubuhi, amesimama mlangoni.

Thomas akapita na birika. Hakuna aliyenyoosha kikombe.

Elieza akakifunika kikopo, akarudisha msumari mfukoni.

— Injinia, hebu nipishe, alisema. Nikae upande wa jua, nikikinge kikopo.