Nani Kamwandika Kaisa?

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kufulia nguo la Marlys, hapa Escanaba, Michigan, chini kabisa ya bomba linalotoa hewa ya moto ya mashine za kukaushia. Aprili hii theluji bado imejilaza kando ya barabara kama mgeni asiyejua kuaga, lakini sisi makalio yetu yana joto na tunanukia sabuni bure. Marlys tunamwita Sabuni. Kahawa ni yake, na akikasirika anaondoka nayo. Rollie ni Jaji, kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani siku moja awe mmoja wa raia wanaosaidia kuamua kesi, ikaahirishwa kabla ya chakula cha mchana, na tangu hapo anahukumu tu. Gordy Niemi ni Beleshi: baridi anasukuma theluji, kiangazi anakata majani. Mimi sina jina la utani, hawajapata linalonitosha. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na nne, kesho yake ndiyo mwisho wa kutuma ritani ya kodi, na Beleshi alitokea kaikumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa.

Beleshi: Imekataa tena. Mara ya nne!

Sabuni: Imekataa nini?

Beleshi: Ritani! Natuma, nasubiri robo saa, inarudi. Eti mtegemezi niliyemwandika tayari kaandikwa kwenye ritani nyingine. Kaisa wangu! Binti niliyemlea mwenyewe tangu mama yake aondoke!

Jaji: Ulikosea namba yake.

Beleshi: Nimeiandika mara nne, Jaji. Mara ya mwisho niliitamka kwa sauti, tarakimu moja moja, mpaka mbwa akatoka chumbani.

Hapa nikiri jambo. Mimi ndiye niliyemtia moyo aifanye mwenyewe. Mama mmoja anayezijaza kwa malipo alimtajia dola mia tatu na arobaini. Nikamwambia, bwana wee, usikubali. Mimi yangu naijaza kwa penseli, nimekaa kwenye kibanda cha kuwindia, dakika arobaini, na kulungu nampata. Ni kweli tupu, ukiondoa kulungu.

Sabuni: Si umtoe tu Kaisa, utume ulale?

Beleshi: Nimtoe? Akiwemo, kwa kuwa anasoma chuo na analala kwangu, narudishiwa elfu tatu na mia moja. Nikimtoa, mia mbili na kumi! Giaboksi ya lori iko mezani kwa fundi. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi nimlipe. Bila lori, kanisa na wale wa viwanja viwili vya makaburi wanampa kazi ya majani mtu mwingine. Nile nini mpaka theluji irudi?

Jaji: Tuma kwa karatasi basi.

Beleshi: Karatasi inakaa miezi, Jaji! Fundi hana miezi!

Sabuni: Mimi namjua mwizi. Tammy. Mama yake.

Beleshi: Tammy yuko Green Bay na yule muuza mabeseni ya kuogea. Hajamwandikia mtoto hata kadi ya Krismasi, atamwandika kwenye kodi?

Sabuni: Kadi haina marejesho, kaka.

Jaji: Acheni umbea. Mimi nilikaa mahakamani.

Mimi: Kwa saa tatu tu.

Jaji: Saa tatu na nusu! Na nawaambia, kuna genge. Linanunua namba za watoto wa watu. Saa hii kuna jamaa yuko ufukweni Florida, ana wategemezi mia nne, wote wa Michigan, na Kaisa ni mmojawapo.

Beleshi: Mia nne? Na mimi mmoja tu ananitoa jasho!

Sikuweza kuwaacha wakipotea hivyo.

Mimi: Sikilizeni, mimi hizi mashine nazijua. Kompyuta ya kodi ina kinyongo. Ukikaa kwenye ukurasa mmoja unakuna kichwa, inakuona. Inasema, huyu hajui anachofanya, ngoja nimchezee. Ndiyo maana mimi huijaza haraka, bila kusoma.

Sabuni: Ndiyo maana mwaka juzi ulipata barua tatu.

Mimi: Za pongezi.

Beleshi: We jamaa, umenikalisha siku tatu na huu ujinga! Fomu inaniambia toa mstari huu kwenye ule, ukipata chini ya sifuri, andika sifuri. Sasa kama nimepata chini ya sifuri, si ndiyo habari yenyewe niliyotaka kuwapa?

Jaji: Au kuna Kaisa mwingine. Hospitali walikupa mmoja, mwenzake wakampa mtu mwingine, namba ile ile.

Beleshi: Jaji, nilikuwepo anazaliwa. Nilihesabu!

Wakati huo Kaisa mwenyewe akakata kona, miaka kumi na tisa, begi la nguo chafu begani.

Kaisa: Baba, mnamgombania nani?

Beleshi: Wewe! Kuna mtu kakuandika kwenye ritani yake.

Kaisa: Ritani? Ni mimi.

Beleshi: Wewe nini?

Kaisa: Nilituma ya kwangu Februari, ya ile kazi ya duka la donati. Dakika sita, kwenye simu. Ikaniuliza, kuna mtu anayeweza kukuandika kama mtegemezi wake? Nikabonyeza hapana.

Beleshi: Hapana! Mwanangu, kwa nini hapana?

Kaisa: Siku natimiza kumi na nane ulisimama na kisu cha keki, ukasema kuanzia leo hunitegemei. Ukasema chumba changu ni dola mia na hamsini, kila tarehe moja. Sijakosa hata mwezi.

Sabuni: Gordy! Mtoto wako mwenyewe?

Beleshi: Ni kumfundisha maisha! Baba yangu alinifanyia hivyo hivyo! Kaisa, mama, chumba ni kitu kidogo. Chakula nani ananunua? Moto wa nyumba? Ada ya chuo? Zaidi ya nusu ya gharama zako natoa mimi, kwa hiyo bado wewe ni wangu, fomu yenyewe inasema!

Kaisa akatua begi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililotutisha.

Kaisa: Sawa, baba. Giaboksi ni giaboksi. Ya kwangu naweza kuirekebisha leo leo. Ila nisaidieni kitu kimoja, nyie mnaojua. Ile mia na hamsini ya chumba ninayompa kila mwezi, maana kwake ni mapato, kwenye ritani yake inaandikwa mstari gani?

Beleshi akamtazama Jaji. Jaji akachungulia kikombe chake kana kwamba kuna maandishi ndani. Kisha wote wanne wakanigeukia mimi, mtu wa penseli. Nikanyoosha shingo kuangalia barabarani kama anayesubiri basi, na mtaa huu haujawahi kuwa na basi.